Okoy: Bagia za Kamba za Ufilipino

Mji wa Vigan uko kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Luzon, nchini Ufilipino. Mhispania Juan de Salcedo aliweka makao ya watu wake hapo mwaka 1572. Majumba ya mawe na mbao yaliyojengwa na matajiri wa biashara katika zama za Wahispania yangali yamesimama kandokando ya barabara ya Calle Crisologo, na magari ya farasi yangali yakipita mbele ya milango yake. Mwaka 1999 mji huo uliingizwa katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya urithi wa dunia.

Mwenye njaa, hata hivyo, huyapa majumba hayo kisogo akaelekea uwanja wa Plaza Burgos. Uwanja huo una jina la padre José Burgos, mzaliwa wa Vigan, aliyeuawa na serikali ya Kihispania mwaka 1872. Hapo wachuuzi hukaanga sambusa kubwa za rangi ya machungwa, ziitwazo empanada, na pamoja nazo bagia bapa zenye kamba juu yake. Bagia hizo ndizo okoy, nazo hupikwa majumbani katika sehemu nyingi za nchi hiyo, ama kwa chai ya asubuhi, ama kwa kutuliza njaa ya alasiri.

Okoy ni chakula cha kamba wadogo. Kamba wakubwa wana bei, na aghalabu huishia hotelini au ng'ambo. Wadogo hawana nyama ya kumenywa. Hukaangwa wazima, magamba na vichwa, mpaka wakauke na kutafunika. Hapo ndipo ilipo hekima ya chakula hiki: kamba ambao wangekuwa kitoweo cha watu wawili, wakipangwa watatu watatu juu ya bagia, huwatosha watu sita, na hakuna anayekosa.

Mboga hutegemea mahali na msimu. Wengine hutia malenge, wengine viazi vitamu, chipukizi za choroko au papai bichi. Malenge na viazi vitamu asili yake ni bara la Amerika. Wafilipino huviita kalabasa na kamote, majina waliyoyapata kwa Wahispania, ambao merikebu zao zilisafiri kati ya Acapulco na Manila tangu 1565 hadi 1815.

Kwa watu sita, mpishi huchukua robo kilo ya kamba wadogo. Huchagua wanaong'aa na wenye harufu ya bahari. Wanaonuka vikali huwaacha sokoni. Huwaosha, akawakata ndevu na ule mwiba mkali wa kichwani. Kisha hukwaruza malenge mabichi, vikombe viwili. Katika bakuli huchanganya kikombe kimoja cha unga wa mchele, nusu kikombe cha unga wa ngano, yai moja, chumvi na pilipili manga, akiongeza maji kidogo kidogo mpaka rojo iwe nzito kama uji. Malenge na kitunguu kilichokatwa hutiwa mwisho.

Mafuta huwa ya kina cha vidole viwili. Tone la rojo likiinuka mara moja na kutoa mapovu, yamekwisha kupata moto. Mpishi hutandaza rojo kwenye kisahani, akapanga kamba juu, kisha akaitelezesha taratibu ndani ya karai, kisahani kikiwa karibu na mafuta ili yasimrukie. Kila upande huchukua dakika tatu hivi. Zikiiva, bagia husimamishwa wima ili mafuta yachuruzike, maana zikilazwa hulegea.

Huliwa zingali moto, kwa kuchovya katika siki iliyotiwa kitunguu saumu, pilipili na chumvi. Siki ya Vigan hutokana na maji ya miwa, na huchachushwa katika mitungi mikubwa ya udongo iitwayo burnay, ambayo mji huo una sifa ya kuifinyanga. Mtu anayedhurika kwa kula kamba hupikiwa zake za mboga tupu, katika mafuta mengine.

Kwa aina nyingi za kamba, makuzi huanzia kwenye mikoko, ambako vifaranga vyao hujificha kati ya mizizi. Mwaka 1918 Ufilipino ilikadiriwa kuwa na hekta 450,000 za mikoko. Kufikia 1994 zilikuwa zimebaki kama 120,000. Sehemu kubwa ilikatwa ili kuchimba mabwawa ya kufugia samaki na kamba wakubwa wa kuuzwa. Mwenye bwawa alipata fedha. Mvuvi wa wavu mdogo alipoteza malezi ya kamba wake.

Tangu hapo vijiji vingi vya pwani vimepanda miche ya mikoko upya. Kazi hiyo hufanyika matopeni, maji yakiwa yamekupwa, na mti huchukua miaka mingi kabla ya kuwa kivuli cha samaki. Lakini pasipo mti huo, karai ya mwenye fedha kidogo hubaki na malenge peke yake.