Mbegu ya Tikiti

Ndugu na jamaa,

Kwetu Makunduchi tikiti hulimwa uwandani, penye udongo kidogo baina ya mawe. Marehemu bibi hakununua mbegu. Alichagua tikiti bora kuliko yote, akaosha mbegu zake, akazianika kivulini na kuzihifadhi kwa jivu.

Mbegu zile hazikuvuka. Sheria ya Australia hairuhusu kuziingiza hivi hivi. Hapa Smithfield napanda Oktoba, baridi ikisha, nikavuna Januari. Lakini mbegu chotara za dukani hazizai mfano wa mama yao. Basi mwaka huu tununue mbegu ya asili, aina moja nyumba zetu zote, maana nyuki huchanganya. Wajukuu ndio wachague tikiti la mbegu. Ujuzi wa bibi usiishie kwetu.

Wasalaam.