Mfalme wa Anna Moja

Wageni wengi huifuata Mafia kwa sababu ya papa potwe wa Kilindoni au magofu ya Kua kule Juani. Mimi niliyezaliwa huko nimerudi kuijua kupitia stempu. Kazi yangu ni kununua, kuuza na kukagua stempu na bahasha kuukuu. Katika zote zinazopita mezani kwangu, hakuna zinazonitoa jasho kama zile za India zenye sura ya Mfalme George wa Tano, zikagongwa juu yake jina la kisiwa chetu.

Mfalme huyo alifikaje Mafia? Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waligawana, kisiwa kikaangukia kwa Wajerumani pamoja na mwambao ambao Sultani wa Zanzibar alifidiwa marka milioni 4. Vita vya Kwanza vilipozuka, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ikajichimbia kwenye delta ya Rufiji, ng'ambo tu ya mkondo. Waingereza wakaiteka Mafia Januari 1915, wakarushia huko ndege za kuelekeza mizinga, na tarehe 11 Julai manowari ile ikawa imekwisha. Askari wa ulinzi walibaki kisiwani, na askari popote alipo huandika barua nyumbani.

Mwanzoni barua zilitoka bila stempu. Kisha zikachukuliwa stempu za Wajerumani zilizotekwa, zile zenye picha ya Hohenzollern, meli ya anasa ya Kaisari, zikagongwa herufi G.R., yaani Mfalme George kwa Kilatini, na neno MAFIA. Ujeuri ule hunichekesha hadi leo, maana George na Kaisari walikuwa watoto wa ndugu. Baadaye mwaka huohuo zikaja za India. Zilikuwa zimekwisha kuchapwa I.E.F., alama ya vikosi vya India vilivyopelekwa kupigana ng'ambo, aina 10 kuanzia pai 3 hadi rupia 1. Juu ya hizo ndipo ikagongwa, kwa mkono, G.R. POST MAFIA.

Chukua ile ya anna 1, fedha ndogo ya India ya wakati huo. Ni nyekundu, na upana wake hauzidi dole gumba la mtu mzima. Mfalme ana taji, ndevu zimechongwa mstari kwa mstari, na joho limemkaa vizuri. Ilichapwa London na kampuni ya De La Rue, kwa matumizi ya India, ikamalizia safari Mafia. Sura ya mtawala haikuwa jambo la mzaha zama hizo. Kwenye rupia ya mwaka 1911 tembo wa kwenye joho la mfalme huyuhuyu alichongwa vibaya akafanana na nguruwe. Waislamu wa India wakaja juu, sarafu nyingi zikayeyushwa, na mwaka 1912 tembo akapewa mkonga unaoonekana.

Sasa tuikague. Naishika kwa kibano, nailaza kifudifudi kwenye kisahani cheusi, nadondosha benzini. Nyota moja inajitokeza ndani ya karatasi. Hapo mteja hutabasamu, nami humwambia asubiri. Nyota ile inathibitisha kwamba stempu ni ya India, basi. Stempu za I.E.F. zisizo na chapa ya Mafia zilitolewa kwa wingi na mpaka leo ni za bei ya chee. Zenye chapa ya Mafia huuzwa kwa bei ya juu zaidi. Mjanja mwenye kipande cha mpira, wembe na wino anaweza kuziba pengo hilo jioni moja, na wajanja hawajawahi kuadimika. Tena chapa halali yenyewe ilipigwa kwa mkono: huku wino umezidi, kule umefifia, hapa imelala upande. Kwa hiyo huwezi kusema imepinda basi ni bandia, wala imenyooka basi ni halali.

Kinachobaki ni kuuliza nasaba. Nani alikuwa nayo kabla yako? Na kabla ya huyo? Nataka bahasha nzima yenye anwani na tarehe, au ukurasa wa albamu wenye mwandiko wa mwenyewe, au katalogi ya mnada yenye picha ambayo vitundu vya pembeni vinalingana na hivi ninavyoviona. Nataka cheti cha wataalamu wa Royal Philatelic Society ya London, ambao kamati yao imekuwa ikikagua stempu tangu 1894. Kiungo kimoja kikikosekana, bei hushuka. Vikikosekana vyote, sinunui.

Kijana mmoja wa Kirongwe aliniletea anna 1 aliyoiagiza kwa muuzaji wa ng'ambo. "Kaka, babu yake huyo bwana alikuwa ofisa palepale Mafia," akaniambia. Nikamuuliza barua za babu ziko wapi. Hakukuwa na barua. Nikaweka lenzi. Mahali muhuri wa posta ulipokutana na chapa ya Mafia, wino wa chapa ulikuwa juu, ilhali chapa hugongwa kwanza na muhuri wa posta hufuata barua inapopokelewa. Nikausoma muhuri wenyewe, nusu yake ilikuwa imebaki: Desemba 1914. Mafia ilikuwa bado ya Wajerumani. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akacheka, akaomba nimrudishie aiweke kama kumbukumbu ya fedha zake.

Mfalme wa kwenye stempu angemwelewa. George mwenyewe alikuwa mgonjwa wa stempu. Mwaka 1904, akiwa bado mwana wa mfalme, alilipa pauni 1,450 kwa stempu moja ya peni 2 ya Mauritius ya mwaka 1847, iliyokutwa kwenye albamu ya utotoni ya Mwingereza mmoja. Husimuliwa kwamba mhudumu wake alimuuliza kama amesikia habari za mpumbavu aliyetoa fedha zote hizo kwa kikaratasi, naye akajibu kwamba mpumbavu ni yeye. Lakini alijua anachonunua: njia ya kikaratasi kile kutoka albamu ile hadi mkononi mwake ilikuwa inajulikana.

Nadhani nyingi za Mafia hazikupanda barua yoyote. Kambi ilikuwa ndogo, na ofisa mwenye muhuri wa mkono na rafiki mkusanyaji Ulaya alijua vizuri anachokifanya. Ndiyo maana mimi huthamini bahasha iliyosafiri, hata ikiwa imechakaa, kuliko stempu nzuri isiyo na kwao.

Bahasha za namna hiyo huenda bado zimo kwenye masanduku ya familia zenye asili ya Chole na Kilindoni, ziwe Dar es Salaam, Muscat au Mumbai. Ukiikuta moja, usiilowanishe kubandua stempu, usiikate, usiibandike utepe wa gundi. Ipige picha pande zote mbili, ihifadhi mahali pakavu, na uandike kwenye karatasi nyingine umeikuta kwa nani, lini, ndani ya sanduku la nani. Kisha ndipo umtafute mnunuzi.