Msitu Ulio Chini ya Udongo



Watu wengi wakisikia habari ya kutunza msitu, hufikiri mara moja juu ya kupanda. Huona akilini mistari ya miche, majembe na nyimbo za siku moja. Kupanda ni jambo jema. Lakini sisi tunaokaa Lubumbashi, katika nchi ya miombo, tumefundishwa na ardhi yenyewe jambo lingine: mara nyingi msitu upo tayari chini ya udongo, nao wangoja tu tuache kuuumiza.

Nyuma ya kanisa letu pana uwanja wa parokia ambao kwa miaka mingi uliitwa pori tupu. Miti yake ilikatwa kwa ajili ya makala, vikabaki visiki na majani makavu. Tulipoanza kuutazama kwa makini, tuliona machipukizi ya muputu na mutondo yakitoka katika visiki vile, na kando yake vijiti vyembamba tulivyoweza kuvidhania magugu. Miti hii ina tabia yake. Mche wake, katika miaka ya kwanza, hujenga mizizi kuliko shina. Wakati wa kiangazi kijiti cha juu huweza kukauka au kuungua, na mvua ikirudi huchipuka tena. Apitaye njiani huona kitu kisichokua, kumbe kazi kubwa inafanyika mahali asipopaona. Ayubu naye, katikati ya hasara zake, aliutazama mti uliokatwa akaona kwamba una tumaini.

Basi kazi yetu ni ndogo kwa kuonekana, lakini ni ya siku nyingi. Katika kila kisiki tunachagua machipukizi mawili au matatu yenye nguvu na kuyaondoa mengine, ili mizizi isigawanye nguvu zake. Mwezi wa tano, kabla majani hayajakauka kabisa, tunafyeka ukanda kuuzunguka uwanja na kuufagia mpaka udongo uonekane. Tunauogopa hasa moto wa mwezi wa nane na wa tisa. Wakati huo kila kitu kimekauka, na miti inaanza kutoa majani machanga yenye wekundu. Moto mmoja wa siku zile huweza kuirudisha chini kazi ya miaka mitatu. Kwa hiyo tunalinda kwa zamu, shirika kwa shirika, na vijana wa Kiro na wa Xaveri pamoja nasi.

Lakini moto hauna njaa; mwanadamu anayo. Umeme ukikatika, ni nani kati yetu asiyepika kwa makala? Jioni moja vijana walimkuta mama wa mtaa wetu akikata mashina machanga. Walitaka apelekwe kwa mkubwa wa mtaa. Wazee waliomba kwanza aketishwe, apewe maji, aulizwe. Alieleza kwamba makala yanatoka mbali siku hizi, bei ya mfuko imepanda, naye hawezi tena kununua mfuko mzima ili auze kwa mafungu. Tangu hapo matawi tunayoyapunguza hugawiwa wenye shida, na yeye ni mmoja wa wanaosimamia ukataji. Amekaa na miti hii kuliko sisi. Ndiye aliyetuonyesha shina lipi liachwe na lipi litolewe, na namna ya kukata bila kukipasua kisiki.

Sasa limekuja jambo zito zaidi. Limetolewa pendekezo la kuugawa uwanja huu katika viwanja vya kuuza, ili paa la kanisa limalizike. Wanaolitoa ni ndugu zetu, wala hoja yao si ya kudharauliwa: masika yaliyopita mvua iliwanyeshea waamini wakati wa misa. Baraza la parokia litaamua kabla ya mvua kuanza.

Sisi tunawaomba wapime tofauti moja. Shoka huacha kisiki, na kisiki huchipuka. Bali mahali palipochimbwa misingi ya nyumba, mizizi hung'olewa, na hapo hakuna tena cha kungoja. Uyoga tunaoufurahia wakati wa mvua huishi pamoja na mizizi ya miti hii. Mizizi ikitoka, nao hutoka. Maji ambayo leo yanazama uwanjani yatateremka kwenye nyumba zilizo bondeni. Fedha za paa zaweza kutafutwa mwaka huu na mwaka ujao, hata kama ni kidogo kidogo. Mizizi iliyojengwa kwa miaka mingi hainunuliwi sokoni. Mwaka 2015 Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si', aliiita dunia nyumba yetu ya pamoja. Nyumba hiyo nayo ina paa, nalo ni miti.

Vijana wapendwa, baraza litawasikiliza mkija na jambo la hakika. Basi Jumamosi hii kila kikundi kipite uwanjani, kikihesabu visiki vilivyo hai na machipukizi yaliyowapita kimo. Andikeni idadi, mtuletee. Wengi wa wajumbe hawajaingia humo tangu siku zile palipoitwa pori tupu.