Si Kila Divai Iliyokaa Ni Njema



Mwezi wa Julai nilisafiri kutoka parokia yetu, iliyo katika nchi ya machimbo ya dhahabu ya Geita, mpaka Shinyanga mjini. Watu wa kwetu waendapo Shinyanga huchukua samaki wa ziwani au mananasi ya kuwapa wenyeji. Mimi nilichukua chupa moja ya divai, nimeifunga katika kanga ya mke wangu isije ikavunjika. Hiyo haikuwa zawadi. Ilikuwa aibu yangu, nami nawasimulia ili nanyi mpate faida.

Mwaka uliotangulia niliagiza kutoka Dodoma katoni moja ya divai nyeupe ya misa, chupa 12, kwa fedha walizochanga wanajumuiya. Nikaziweka stoo, zimesimama wima juu ya rafu, chini kidogo ya bati, karibu na dirisha lielekealo magharibi. Baba Paroko akaniuliza, “Karani, hizi zitadumu?” Nami nikamjibu kwa majivuno ya mtu aliyepita chuo cha ualimu, “Baba, divai kadiri ikaavyo ndivyo iwavyo nzuri.” Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia tu. Sikuwa nimeyaonja.

Baada ya Pasaka nilifungua chupa ya kwanza, na harufu ya siki ikanipiga puani. Nikaimwaga, nikanyamaza. Tangu siku ile nikawa nanunua divai chupa mojamoja mjini Geita kwa fedha yangu, watu wasijue. Mke wangu alijua, maana sukari ilipungua nyumbani. Kisha nikapata habari kwamba padre mmoja mzee, mzaliwa wa bonde la Mto Mosel kule Ujerumani, aliyefanya kazi zamani katika nchi yetu, yuko Shinyanga kuwasalimu rafiki zake. Nikasema moyoni: huyu amekulia katika mizabibu. Labda ataniambia kwamba chupa zilizobaki ni nzima.

Basi nikapanda basi alfajiri. Geita ni mji wa dhahabu tangu siku nyingi. Mgodi wa zamani za Waingereza ulifungwa mwaka 1966, na huu mkubwa wa sasa ulianza kazi mwaka 2000. Tulipita Bukoli, tukafika Kakola penye mgodi wa Bulyanhulu, na hapo basi likasimama abiria wanywe chai. Kando ya barabara nilimwona mnunuzi wa dhahabu akimpimia kijana mmoja kipande chake. Alikipima kwanza hewani juu ya mzani, kisha akakitia majini na kukipima tena, halafu akazilinganisha hesabu mbili. Kijana aliapa kwamba dhahabu yake ni safi. Mnunuzi hakubishana naye, alimwonyesha hesabu tu. Sikujua kwamba jioni ile mimi nami nitapimwa vivyo hivyo.

Kutoka Kahama na Isaka nchi hufunguka ikawa tambarare. Ilikuwa wakati wa kiangazi. Mikokoteni ya ng’ombe ilibeba pamba, vumbi likiifuata. Hapa na pale niliona mibuyu, na ngitili, yaani malisho ambayo Wasukuma huyafunga ili majani na miti vipate kupumzika. Tangu mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986, wenyeji wengi wamezirudisha ngitili, na nchi iliyokuwa uwanja mtupu ina miti tena. Tulipinda Tinde, na jua likiwa bado juu tukaingia Shinyanga.

Padre mzee alinipokea barazani. Ijapokuwa ilikuwa jioni alinisalimu, “Mwangaluka!” akacheka mwenyewe, maana hiyo ni salamu ya asubuhi. Nikamweleza shida yangu yote. Hakunilaumu. Alisema, “Mwanangu, kabla ya kuhukumu chupa yako, tufanye kama wafanyavyo kwetu. Tuonje na kulinganisha.”

Ndugu zake walikuwa wamemletea chupa tatu za divai iitwayo Riesling, zote za shamba moja na kilima kimoja: moja ya mwaka 2021, moja ya 2010, moja ya 2003. Zote zilikuwa divai kavu. Maana yake si kwamba haina maji! Ni divai ambayo sukari ya zabibu karibu yote imegeuka kuwa kileo, kwa hiyo si tamu. Riesling ni zabibu ya siku nyingi sana. Katika hesabu za mwaka 1435 za Rüsselsheim, Ujerumani, yameandikwa malipo ya shilingi 22 kwa miche ya Riesling. Nilifurahi kusikia hivyo. Kumbe habari ya kwanza ya zabibu hii maarufu imehifadhiwa na karani mwenzangu katika daftari la matumizi!

Padre alimimina kidogo katika bilauri tatu, akaniwekea na bakuli la kutemea. Alisema, “Hapa hatunywi, twaonja. Kwanza jicho, kisha pua, mwisho ulimi.”

Ya 2021 ilikuwa nyeupe yenye ukijani kidogo. Ilinuka ndimu na embe bichi, na uchachu wake ulinifanya nifumbe macho. Ya 2010 ilikuwa na rangi ya dhahabu. Nikainusa, nikashtuka. Ilinuka mafuta ya taa! Nikasema kwa furaha iliyofichika, “Padre, hata hii yako imeharibika.” Akatikisa kichwa. “Onja.” Nikaonja. Palikuwa na asali, nta ya nyuki na mkate uliobanikwa, na chini yake uchachu ule ule wa ndimu, lakini umetulia kama mtu mzima aliyeacha makelele. Ladha yake ilikaa kinywani muda mrefu. Sikuitema.

Padre akanieleza. Katika zabibu hizi mna vitu vya jamii ya ile rangi ya karoti. Miaka ipitapo, vitu hivyo huvunjika ndani ya divai yenye uchachu, na hutoa harufu ile ya mafuta ya taa. Ikiwa kidogo, ni alama ya Riesling iliyokomaa. Na kinachoiwezesha kukaa miaka mingi ni ule uchachu ulionifanya nifumbe macho. Divai isiyo na uchachu wa kutosha haina kitu cha kuilinda.

Nikaishika ya 2003 kwa matumaini makubwa, maana ndiyo mzee wa zote. Kumbe! Ilikuwa nzito, harufu ya mafuta ya taa imezidi, na ladha ilikatika upesi. Padre alisema, “Mwaka 2003 Ulaya ilipata joto kali mno. Zabibu ziliiva upesi, uchachu ukapungua. Ya 2010 ilitoka katika mwaka wa baridi. Ilipokuwa changa wengi waliiona chachu mno. Itazame sasa.”

Kisha akaingia chumba cha chini cha nyumba ile, akatoka na chupa ya divai nyeupe ya Dodoma. Nikaitambua mara moja: ni ile ile niliyoagiza mimi, ya mwaka ule ule. Akaifungua, kisha akaifungua yangu. Ya kwao ilikuwa angavu, ikinuka tunda. Yangu ilikuwa ya kahawia kama chai ya rangi, ikinuka siki na maganda ya nanasi yaliyosahauliwa juani. Divai moja, mwaka mmoja, nyumba mbili. Nikakumbuka mzani wa Kakola. Sikuwa na la kubisha.

Padre hakuidharau divai ya Dodoma. Alisema mizabibu ya kule, iliyoanza kupandwa na wamisionari katika miaka ya 1950, ni ya ajabu, maana huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, jambo lisilowezekana kwao Mosel. Lakini joto hupunguza uchachu wa zabibu, kwa hiyo divai nyeupe kama ile yafaa kunywewa ingali changa, wala si ya kuwekwa miaka. Si kosa lake, ndiyo tabia yake. Kosa ni la yule aliyeiweka chini ya bati.

Nikayaandika maagizo yake, nanyi wenye kutunza divai za parokia myashike. Divai ikae mahali pa baridi na giza, joto lisipande na kushuka. Chupa yenye kizibo cha gome ilazwe ubavu, kizibo kisikauke na kuingiza hewa, kwa maana hewa ndiyo huwapa nguvu vijidudu vinavyoleta siki. Agizeni ya miezi michache tu. Na kabla ya misa onjeni, maana Kanuni ya 924 ya Sheria za Kanisa yadai divai ya misa iwe ya asili, itokanayo na mzabibu, wala isiwe imeharibika.

Niliporudi niliomba nafasi mbele ya halmashauri ya walei, nikasema yote: chupa niliyoimwaga, uongo wa kunyamaza, na lile neno nililomjibu Baba Paroko. Tukazitazama chupa 10 zilizobaki kwa mwanga wa tochi. Saba zilikuwa za kahawia. Tatu zilikuwa na rangi njema, na zilipofunguliwa baadaye, mbili zilikuwa nzima. Nilijitolea kulipa, wakakubali nilipe nusu kwa miezi mitatu. Mama mmoja mzee wa jumuiya yetu aliniuliza swali moja tu: “Mwanangu, siku ile ulipomwambia Baba kwamba zitazidi kuwa nzuri, ulikuwa umeonja?” Nikamjibu, “La, mama.” Akasema, “Basi siku nyingine uonje kwanza.”

Sasa tumechimba shimo katika sakafu ya stoo, tukalijengea kwa matofali mabichi na kulifunika kwa ubao. Zimo chupa nne tu, zimelazwa ubavu. Na nyumbani kwangu sukari imerudi.