Ndago, Shina na Kijaluba cha Vijito

Katika mwaka wangu wa tatu chuoni, mhadhiri wetu wa tafsiri alimtaka kila mwanafunzi atafute makala fupi ya kisayansi na kuitafsiri kwa Kiswahili. Wenzangu walichagua malaria, mbolea na hali ya anga. Mimi nilichagua makala iliyoeleza jinsi seli shina za saratani ya titi zinavyokuzwa na kuchunguzwa ndani ya vifaa vyenye vijia vyembamba mno vya majimaji. Sikuichagua kwa ujasiri wa kitaaluma. Shangazi yangu, aliyenilea Mikindani, alikuwa katikati ya matibabu ya maradhi hayo hayo, naye alikuwa amekwisha kutangaza kwamba harudi tena hospitalini.

"Kivimbe kimenywea, mwanangu. Nirudi nikatafute nini?"

Daktari alikuwa amemwambia kwamba zimebaki duru mbili za dawa. Lakini dawa hizo zilikuwa zimemnyonyoa nywele na kumtoa hamu ya chakula, na safari ya kwenda kisiwani, matatu ikikwama Changamwe na tena Kibarani, ilimchosha kabla hajafika kwenye foleni. Tena alikuwa amelificha donge lile miezi kadhaa pasi na kumwambia mtu. Mficha maradhi, walisema wahenga, kilio humfichua. Kwake yeye kilio kilikuwa bado hakijafika, nasi hatukutaka kukisubiri. Sikuwa na jibu la kumpa.

Makala ile ilinirudisha hadi mwaka 2003, katika Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani. Muhammad Al-Hajj, Max Wicha, Michael Clarke na wenzao walizitenga seli za uvimbe wa titi kwa kufuata alama zilizo juu ya utando wa seli, kisha wakazipandikiza katika panya. Seli 100 tu za kundi moja ziliweza kuzaa uvimbe mpya, ilhali makumi ya maelfu ya seli za makundi mengine hazikuzaa kitu. Hoja iliyotokana na hayo ni kwamba seli za uvimbe hazilingani kwa uwezo. Zimo chache ziwezazo kujizalisha upya na kuzaa nyinginezo zote, na chache hizo huelekea kustahimili dawa zinazoziua seli zigawanyikazo kwa kasi. Wataalamu hawajaafikiana kwamba nadharia hii inafaa kwa kila aina ya saratani. Hata hivyo, niliposoma kwamba uvimbe waweza kunywea na mbegu yake ikasalia, nilimkumbuka shangazi.

Nikamweleza kwa istilahi niliyoizoea: seli shina. Akacheka. "Shina likikatwa mti si umekufa? Basi nawakate, yaishe!"

Alikuwa na haki ya kucheka. Ni kweli kwamba neno shina lina maana ya asili na chanzo pia, lakini mtu wa kawaida akilisikia huona gogo lililosimama wima, linalofikiwa na shoka. Mjerumani Ernst Haeckel alipolitumia neno Stammzelle mwaka 1868 alikuwa akifikiria shina la ukoo, yaani mzazi wa awali ambaye viumbe wengine wote wametokana naye. Sisi tulilipokea neno kupitia Kiingereza, tukaupata mti tukaukosa ukoo.

Kifaa chenyewe kilinikesha zaidi. Watafiti hutengeneza kalibu yenye michoro midogo, wakamimina silikoni ya majimaji, wakaioka mpaka igande, wakaibandua kama mtu abanduavyo mkate wa sinia, kisha wakaibandika juu ya kioo. Ndani hubaki vijia vinavyopimwa kwa mikromita, na mikromita 1,000 ndizo zifanyazo milimita moja. Humo maji hayana fujo ya mto wa kawaida: vijito viwili vikikutana hutiririka sambamba, vikichanganyika polepole tu. Kila seli hunaswa katika kishimo chake peke yake, na kuta za kishimo zimepakwa kitu kinachoizuia isishike popote. Seli nyingi za titi zikikosa pa kushika hufa, na kifo hicho kilipewa mwaka 1994 jina lenye asili ya Kigiriki, anoikisi, lenye maana ya kukosa makao. Zile chache zenye tabia ya seli shina huvumilia, zikagawanyika siku baada ya siku mpaka zikawa tufe dogo. Katika sahani ya kawaida ya maabara, tufe laweza kuwa ni seli mbili tatu zilizogongana zikashikana. Hapa mtafiti ana hakika kwamba limezaliwa na seli moja, na anaweza kupitisha dawa akaona kama litasalia.

Nilikiita kifaa hicho kijaluba cha vijito, kwa kukumbuka kijaluba cha shangazi cha tambuu. Mhadhiri aliandika kwa wino mwekundu: "Ushairi. Sahihisha." Hadi leo nadhani alikosea.

Kijaluba hicho si tiba, ni chombo cha uchunguzi. Tena nilijiuliza seli zitiwazo humo ni za nani. Zilizo mashuhuri kupita zote, MCF-7, zilitolewa mwaka 1970 katika maji yaliyozunguka pafu la mtawa mmoja wa Marekani. Ndiyo maana nilifurahi kukuta kwamba mwaka 2010 Hawa Nalwoga na wenzake, wa Makerere na Bergen, walikuwa wamechunguza vivimbe vya wanawake wa Uganda wakitafuta ALDH1, kimeng'enya kinachotumiwa kama alama ya seli shina, wakakiona kikiandamana na dalili za saratani kali.

Jioni moja nilimkuta shangazi nyuma ya nyumba, akipalilia muhogo.

"Shangazi, ndago ukiifyeka hufa?"

"Hufa wapi! Ina viazi chini. Mvua ikinyesha, hiyo imerudi."

"Basi hivyo viazi ndivyo daktari anavyovitafuta."

Hakujibu. Aliendelea kulima mpaka mwisho wa tuta. Jumatatu, kabla jua halijachomoza, alinigongea mlango, kijaluba chake mkononi, akaniuliza nauli ya kisiwani imefika shilingi ngapi.