Moyo wa Bakora

Kila Mfungo Sita ulipoingia, na wageni wa Maulidi wakajaa mtaa wa Langoni karibu na Msikiti wa Riyadha, Lamu ilicheza kirumbizi. Zumari likilia watu hufanya duara, na wawili huingia kati na bakora zao. Huyu hupiga, yule hukinga, na miguu yao haiachi ngoma hata mara moja. Sisi watoto tulijipenyeza hadi mbele, mikono ikituwasha, lakini bakora hatukupewa.

Ami yangu ndiye aliyekataa. Alikuwa mchezaji tangu ujana, na kidole chake cha shahada kilivunjwa uwanjani, hakikunyooka tena. "Mato hayauzwi dukani," alituambia, yaani macho. Tukitaka kujifunza, basi tutengeneze fimbo zisizoumiza, na zitajaribiwa kwanza kwenye mguu wake yeye.

Ilikuwa katikati ya miaka ya 1980. Kenya ilikwisha kupiga marufuku uuzaji wa boriti za mikoko nje ya nchi mwaka 1982, na biashara iliyowalisha wazee wetu kwa kupeleka miti Uarabuni ilikuwa imekatika. Hata hivyo miti ya kujengea haikukosekana pwani, imepangwa kwa unene kama ilivyopangwa siku zote: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Ufito wa mkandaa, aina ya mkoko, ulikuwa wa kwanza kuja mikononi mwetu. Ami aliukamata ncha zote mbili, akaukandamiza gotini. Haukupinda. "Huu uvishe godoro zima," akasema, "pigo litapita mpaka mfupani." Hilo ndilo alilotaka tulijue kabla ya kushika sindano na kuzivika fimbo zetu kitambaa: kinachomwokoa mtu ni moyo wa fimbo. Moyo usiponyumbuka, ulaini wa nje hausaidii kitu.

Mwanzi ulikuwa mwepesi, ukinyumbuka vizuri, lakini ndani ni mtupu. Ukipigwa mara nyingi hupasuka kwa urefu, ukaachia kingo kali zinazokata kitambaa na kumfikia mtu. Bomba la plastiki la maji hudanganya likiwa jipya. Likishakaa juani juu ya dari, na jua la Lamu mnalijua, huwa gumu na kuvunjika vipande. Mvulana mmoja alileta kipande cha fimbo ya faiba ya kuvulia samaki, kilichotupwa na mashua ya wageni. Mimi nilikipenda kuliko vyote. Kilipinda kama upinde na kurudi kilipokuwa. Ami alikigeuza juani, akatuonyesha ufa mwembamba na nyuzi za kioo zilizochomoza, nyembamba kuliko unywele. Zikiingia kwenye ngozi hazitoki kwa urahisi. Alikizika mchangani kwa mkono wake.

Henzirani tuliipata kwa fundi wa viti. Sisi tuliijua kwa mapaja yetu, kwani ndiyo iliyotusomesha katika chuo cha Kurani. Ila sikuwahi kuitazama. Ami alikata kipande chenye unene wa kidole gumba, akatuonyesha mahali palipokatwa: matundu madogo yamejaa kote, kila moja halizidi ncha ya sindano. Akatia ncha moja kwenye kata ya maji, akapuliza kwa ncha ya pili. Maji yakatoa povu. Mmea huu ni jamaa ya mnazi, hutambaa na kupanda juu ya miti katika misitu ya Asia, na ndani yake hakuna uwazi kama wa mwanzi, ni nyuzi zilizoshikana mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana hauvunjiki ghafla. Huchakaa taratibu, ukifumuka nyuzi, na mwenye macho huona mapema.

Henzirani zilizopinda tulizipitisha juu ya makaa tukazinyosha zikiwa moto. Ncha tulizivika mpira wa tyubu ili moyo usitoboe na kutokea nje. Kisha usumba, uliochambuliwa ukafungwa kwa uzi wa nyavu, na juu yake sufi kidogo. Sufi peke yake haifai, kwa maana ikipigwapigwa hulala isiamke. Usumba hurudi. Mwisho kitambaa cha marekani, tukashona kwa sindano ya tanga.

Ami alikaa barazani, akapandisha kikoi. "Piga." Nikapiga. "Piga kama unanichukia." Nikapiga kwa nguvu zangu zote, naye akasugua paja, akaitika kwa kichwa, akaanza kugonga sinia kwa mdundo wa kirumbizi. Jioni ile tulicheza hadi adhana ya Magharibi.

Henzirani ya fundi yule haikutoa fimbo nyingi. Tulizunguka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, duka kwa duka, na mwishowe nahodha mmoja akatuletea fungu kutoka Mombasa. Habari zikafika mtaa wa Mkomani, na wavulana wa huko wakaja na nyuso za kutaka kujua siri. Ami hakuwaeleza lolote. Aliwaketisha, akawawekea mbele ufito, mwanzi na henzirani, akawaambia, "Pindani."