Laini Mbili, Njia Moja

Saiba niliyofanyia kazi katikati ya miaka ya 2000, hapa Mombasa, ilipata intaneti kwa dishi lililofungwa juu ya paa. Data ilipanda hadi kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, ikashuka, na jibu likarudi kwa njia iyo hiyo. Ukibofya, zaidi ya nusu sekunde ilipita kabla ya chochote kutokea. Tajiri wetu alipoongeza laini ya pili, ya redio kutoka mnara wa jirani, hatukuwa na ruta ya kuzigawa. Kompyuta za dirishani tuliziandikia lango la dishi, za ukutani lango la redio. Wateja hawakukawia kujua. "Kaka, niweke ukutani," walisema kabla hata ya kulipa. Basi ukutani wakajazana, na laini ya dirishani ikakaa karibu bure.

Mwaka 2009 mikongo ya baharini ya TEAMS na SEACOM ilifika Mombasa, na dishi likaanza kushika kutu. Tuliponunua ruta ya MikroTik, ile inayotengenezwa Latvia, ugawaji ulitoka mikononi mwetu. Mgao wake ni hesabu tupu: ruta huchukua anwani ya kompyuta na ya seva inayotafutwa, huzigeuza kuwa namba, huigawa namba hiyo kwa mbili, kisha hutazama baki. Ikiwa sifuri, mawasiliano hayo yanapita laini ya kwanza. Ikiwa moja, ya pili. Laini moja ikiwa na kasi mara tatu ya nyingine, unagawa kwa nne na kuipa ile kubwa mabaki matatu. Yakishatiwa alama, mawasiliano hayahami tena hadi yaishe. Ndiyo maana anayepakua faili moja kubwa hapati kasi ya laini zote mbili. Faida huonekana watu wakiwa wengi.

Kuna mafundi waliopenda kuingiza na namba za bandari (port), zinazobadilika kwa kila mawasiliano mapya, kwenye hesabu hiyo ili mgao uwe sawa zaidi. Kwenye grafu ulipendeza. Lakini mteja akifungua akaunti yake ya benki, ukurasa mmoja ulitokea laini hii na unaofuata laini ile. Benki ikiona mtu mmoja anakuja kwa anwani mbili, ilimtoa nje na kumdai nywila upya. Kutumia anwani pekee kulimaliza udhia huo, ingawa mgao ulipinda kidogo.

Mwishoni mwa Februari 2012, meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandarini ilitia nanga mahali palipokatazwa ikakata TEAMS. Wakati huo nilikuwa fundi wa mitandao ya ofisi, na tangu hapo wateja wangu waliacha kuulizia kasi kwanza. Walitaka kujua laini moja ikifa, nyingine itashika lini. Jibu linategemea ruta inampigia nani hodi. Ikiuliza modemu iliyo mezani tu, modemu itaitika hata kama nje hakuna kitu, na nusu ya ofisi itabaki inatazama kurasa zisizofunguka. Hivyo tulizoea kuiagiza ruta iulize anwani ya mbali, kama 8.8.8.8, kupitia kila laini kivyake, na isipojibiwa iiondoe laini hiyo kwenye mgao.

Kisha ikaja Jumapili ya 12 Mei 2024. Mikongo miwili ilikatika karibu na Afrika Kusini, wakati mingine ilikuwa imeshakatika Bahari ya Shamu tangu Februari. Ofisi moja ninayoihudumia ilikuwa na laini mbili za kampuni mbili tofauti, ruta imepangwa vizuri, na zote mbili zikawa zinajikokota. 8.8.8.8 iliendelea kuitika kwa kusuasua, kwa hiyo ruta haikuona sababu ya kuondoa laini yoyote. Kampuni zote mbili zilikuwa zimekodi nafasi kwenye mkongo uleule.

Siku hizi, kabla sijagusa ruta, namwomba mteja ayaulize makampuni yake mambo mawili: waya unapita nguzo zipi hadi mtaani, na data inatoka nchini kwa mkongo gani. Majibu yakifanana, namshauri afute mkataba mmoja atafute laini ya njia nyingine, hata ikiwa na kasi ndogo. Wengi hushangaa fundi kukataa laini yenye kasi, mpaka nieleze kwamba mgao mzuri kuliko wote hauna la kufanya ikiwa laini zote mbili zinaingia baharini kwa waya mmoja.